Dada Yangu Hajaacha Kazi

Kabla sijaingia katika kiini cha makala haya, naomba nikuulize swali moja. Mtu akishinda nyumbani mchana kutwa, mlango umefungwa, macho yako kwenye tarakilishi, je, huyo yuko kazini ama amekaa tu? Usinijibu haraka. Mimi mwenyewe nilijibu haraka, na jibu langu lilimtia mtu hasara.

Namzungumzia dada yangu wa kwanza. Naishi kwake hapa Umoja tangu nilipoingia kidato cha kwanza, kwa kuwa shule yetu ni ya kutwa na kutoka kwake ni mwendo wa miguu tu. Dada alisomea mambo ya tarakilishi chuo kikuu miaka minne, akaajiriwa na kampuni moja kule Westlands kuunda programu. Tulijivunia si haba. Baba, ambaye alistaafu akarudi nyumbani Machakos, hakukutana na mtu njiani bila kumwambia kwamba bintiye "anatengeneza vitu vya ndani ya simu". Kisha mwaka juzi dada akaacha kuunda programu, akaanza kuandika maelezo ya programu zilizoundwa na wengine, yaani yale maandishi yanayomwambia mtu programu hii inafanya nini, inatumiwaje, na ikikataa ufanye nini. Kazi hii huitwa uandishi wa kiufundi. Na akaanza kuifanya nyumbani, chumbani, mezani pale alipokuwa akipigia nguo pasi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Baba alipiga simu, akasema kwa sauti hata mimi niliyekuwa jikoni nikamsikia: "Nimeuza ng'ombe nikusomeshe, halafu leo unaniambia unaandika insha?" Mama mboga wa chini ya ploti yetu akaeneza habari kwamba dada amefutwa kazi. Jirani wa mlango wa pili akadhani ni ile biashara ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo, ambayo vijana wengi wa mitaa hii wamekula kwayo, akaja usiku kuomba naye aingizwe. Na mimi, ndugu yake wa toka nitoke, ndiye niliyesema neno baya kuliko wote. Nitalifikia.

Kwanza nieleze sababu iliyomfanya dada abadilishe, maana wengi huhukumu kesi ambayo hawakusikiliza. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mama aliyejifungua likizo ya miezi mitatu na mshahara wake kamili. Baba anapewa majuma mawili. Dada alimaliza miezi yake mitatu akarudi kazini, mtoto akaachwa na yaya. Kutoka Umoja hadi Westlands unapanda matatu ya kwanza hadi mjini kwa njia ya Jogoo Road, unashuka, unakata mji kwa miguu, ndipo unapanda ya pili. Ukichelewa kutoka nyumbani dakika ishirini, utachelewa kufika saa nzima, maana Jogoo Road ikifunga imefunga. Basi dada alitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtoto hajaamka, akarudi saa mbili au saa tatu usiku, mtoto kesha lala. Na mvua ikinyesha, msomaji wa Eastlands, wewe mwenyewe wajua.

Tena kazi yenyewe ilimfuata hadi kitandani. Mfumo wao ulihudumia maduka, na ukianguka usiku wa manane sharti mmoja wao aamke auinue. Walipokezana zamu. Zamu ya dada ikifika simu ililala chini ya mto, na ilipolia, mtoto naye alilia, nyumba nzima macho. Wakati huo shemeji yuko njiani, maana yeye ni dereva wa lori la kwenda Malaba. Dada anasema kutafuta kosa ndani ya programu ni kama kuhesabu pesa nyingi za noti ndogo: mtu akikusemesha katikati, unaanza upya kutoka moja. Sasa mtoto mchanga ni kiumbe ambaye kazi yake hasa ni kukusemesha katikati.

Kilichomvunja si uchovu. Ilikuwa Jumapili, mtoto akiwa na mwaka na miezi miwili, ndio kwanza anatembea. Akajikwaa kwenye kizingiti akaanguka kifudifudi. Dada akakimbia kumwinua. Mtoto akamkwepa, akapita chini ya mkono wake, akaenda kujificha kwenye leso ya yaya. Yaya maskini akaona haya, akajaribu kumrudisha kwa mamake, mtoto akazidi kung'ang'ania. Dada alicheka. Ni kicheko ambacho sipendi kukikumbuka.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na watu waliotutembelea wakati ule waliirudia methali hiyo kama wimbo. Ati mwanamke achague: kazi ya tarakilishi ama mtoto. Naiheshimu methali, na mwalimu wetu wa Kiswahili anajua nazijua nyingi, lakini hii naona hutumiwa na watu ambao wao wenyewe wameshika mbili, tatu, na hakuna anayewahesabia. Shemeji ana lori na ana mtoto. Katika watu wote waliokuja pale sebuleni kunywa chai, sijasikia hata mmoja akimuuliza atasawazishaje.

Dada hakuchagua moja. Alitafuta katika fani ile ile yake kazi ambayo yaweza kukatwa vipande. Huo ndio ujanja wa uandishi wa kiufundi, na ndio watu hawauoni. Maelezo ya programu yana sura, sura ina sehemu, sehemu ina hatua. Unaweza kuandika sehemu moja mtoto akilala mchana, ukaamka saa kumi alfajiri ukaandika nyingine, na aliyekuajiri, awe Nairobi ama Ulaya, atazikuta asubuhi. Hakuna mfumo unaoanguka saa nane za usiku kwa sababu aya haijaisha.

Lakini je, kazi hii ni kazi, ama ni insha kama asemavyo baba? Wanachama wenzangu, sisi tuliojiunga na Chama cha Kiswahili kwa kupenda maneno tungekuwa wa kwanza kujua. Chukua mfano ulio mfukoni mwako. M-Pesa ilianza Machi 2007, watu wakitumiana pesa kwa simu. Mwaka 2017 Safaricom ikafungua kitu kilichoitwa Daraja, yaani njia ya programu za watu wengine kuzungumza na M-Pesa. Ukinunua kitu, na simu yako ikaleta yenyewe kisanduku kinachokuomba nambari ya siri, hiyo si miujiza. Programu ya yule mwenye duka imepeleka ombi kupitia Daraja. Sasa kijana aliyeunda programu ya duka hakuketi na wahandisi wa M-Pesa. Alisoma maelezo. Na maelezo yakamwambia, kwa mfano, kwamba nambari ya simu sharti ianze na 254, wala si 0 tuliyoizoea. Kwamba saa ya ombi huandikwa mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde zikifuatana bila nafasi wala alama. Ukikosea kimoja ombi linakataliwa, na duka halilipwi. Dada si yeye aliyeandika maelezo ya Daraja. Alinitolea mfano huo kwa kuwa ni wa karibu. Lakini tazama: programu yaweza kuwa nzuri kama dhahabu, na pasipo mtu wa kuieleza, ni dhahabu iliyofukiwa.

Na kuieleza si rahisi. Mimi najua kwa sababu mimi ndiye panya wa majaribio. Dada akimaliza kuandika sehemu ananiita, ananikalisha mbele ya tarakilishi (walimu wangependa niseme kipakatalishi, kwa kuwa ni ile ya kubeba), ananiambia: "Soma, ufanye kama ilivyoandikwa. Usiniulize kitu." Kisha anasimama nyuma yangu na daftari. Mara ya kwanza niliambiwa nibonyeze kitufe cha kijani. Nikatafuta juu, nikatafuta chini, hakuna kijani. Nikageuka kumuuliza, akanifunga mdomo kwa kidole. Dakika tano nzima nahangaika! Kumbe kitufe hutokea baada ya mtu kuingia kwa jina lake na neno la siri, na dada alikuwa ameiruka hatua hiyo kwa sababu yeye huingia kila siku hata hajui tena kwamba anaingia. Akaandika daftarini, akanishukuru. Nilifikiri nimeshindwa mtihani, kumbe aliyeshindwa ni maandishi.

Jaribu wewe mwenyewe. Mwandikie mtu ambaye hajawahi kupika namna ya kusonga ugali. "Chemsha maji, tia unga, songa." Maji kiasi gani? Unga wote mara moja? Asonge mpaka lini? Utajaza ukurasa, na bado atakula uji. Katika mtihani wa KCSE karatasi ya kwanza ya Kiswahili, 102/1, ni Insha tupu, na wengi wetu huidharau tukakesha na Hisabati. Baba alisema "insha" kama tusi. Mimi siku hizi nikilisikia neno hilo naliona limevaa suti.

Na hapa naomba niingize jambo la pembeni, Mhariri uniwie radhi. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, wakaziita Jambo OpenOffice. Ili kufanya hivyo ilibidi mtu akae afikirie kila neno la kila kitufe: hifadhi, futa, hariri. Huyo naye, kwa macho ya mama mboga wetu, alikuwa amekaa tu.

Turudi. Wapo wanaosema kuandika maelezo ni kushuka daraja, kwamba mtaalamu halisi ni yule anayeunda. Ningewajibu kwa historia. Mwaka 1843 huko Uingereza mwanamke aitwaye Ada Lovelace alichapisha tafsiri ya makala ya Mwitaliano Luigi Menabrea, yaliyoandikwa kwa Kifaransa, kuhusu mashine ya kuhesabia iliyobuniwa na Charles Babbage. Mashine hiyo haikuwahi kumalizwa. Ada aliongeza maelezo yake mwenyewe mwishoni, yakawa marefu mara tatu kuliko makala yenyewe, na katika maelezo ya mwisho akaonyesha hatua kwa hatua jinsi mashine ingeweza kukokotoa namba ziitwazo za Bernoulli. Wengi huzihesabu hatua hizo kuwa programu ya kwanza kuchapishwa ulimwenguni. Naam, ilikuwa ndani ya maelezo! Mwandishi wake alikuwa mama wa watoto watatu, na mkubwa wao alikuwa wa miaka saba. Alitia saini kwa herufi tatu tu, A.A.L.

Huyo alikuwa tajiri mwenye watumishi, utaniambia, hakuchota maji kwa mtungi siku ya mgao. Kweli. Basi chukua mwingine. Stephanie Shirley alifika Uingereza mwaka 1939 akiwa mtoto mkimbizi wa miaka mitano. Mwaka 1962 alianzisha nyumbani kwake, kwa mtaji wa pauni 6, kampuni ya kuunda programu iliyoitwa Freelance Programmers. Aliwaajiri wanawake waliokuwa wameacha kazi kwa sababu ya ndoa na watoto, kila mmoja akifanya kazi kwake. Katika wafanyakazi 300 wa mwanzo, 297 walikuwa wanawake. Wao ndio waliounda programu ya kile kisanduku cha kunasa habari za safari katika ndege ya Concorde. Barua zake hazikujibiwa mpaka alipoanza kutia saini "Steve", watu wakadhani ni mwanamume. Na simu ilipolia nyumbani aliwasha ukanda wenye sauti za mashine za kuchapa, ili anayepiga adhani yuko ofisini, asisikie mtoto. Mwanawe wa pekee alikuwa na usonji, akamlea huku akiiendesha kampuni. Mama huyu alifariki mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 91.

Dada aliponisimulia habari za ukanda ule nilicheka sana. Sasa sicheki. Zaidi ya miaka 60 imepita na bado mwanamke anayefanya kazi nyumbani anaficha mtoto kama aliyeiba.

Hapa nalifikia lile nililoahidi.

Ilikuwa Jumamosi. Dada alikuwa na mkutano kwenye tarakilishi na kampuni moja ya Ulaya iliyotaka mwandishi wa miezi sita. Kwa dada, ambaye hulipwa kwa kipande, miezi sita ya uhakika ilikuwa kitu kikubwa: kodi ya nyumba ingetoka bila kungojea lori la shemeji. Yaya alikuwa ameenda kwao. Shemeji alikuwa kwenye foleni ya malori Malaba. Tangu asubuhi dada aliniambia: "Saa tisa mpaka saa kumi, mtoto ni wako. Mpeleke nje, mpeleke Mutindwa akaone kuku, mpeleke popote. Nipe saa moja tu." Nikasema sawa dada.

Saa nane na nusu wenzangu wakapiga mbinja kutoka chini. Kulikuwa na mechi na vijana wa Donholm, na kipa wetu hakuja. Nikachungulia chumba cha mtoto, nikamkuta amelala fofofo. Nikawaza: kwani dada haendi popote, si yuko tu hapa nyumbani? Mtoto akiamka atamsikia. Nikavaa viatu nikateremka ngazi mbili mbili.

Mtoto aliamka. Alitoka kitandani, akaenda hadi mlango wa chumba cha mamake, akaukuta umefungwa kwa ndani. Akaugonga kwa viganja, akalia, akajikojolea pale pale. Dada aliwaomba watu wale radhi mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu akaacha mkutano. Wale watu walikuwa wastaarabu. Juma lililofuata waliandika barua ya kistaarabu kwamba wamempata mwingine. Dada husema huenda walikuwa na mtu wao tangu mwanzo. Nadhani husema hivyo kwa kunihurumia.

Nilirudi saa kumi na moja, jasho tele, tumeshinda mbili kwa moja. Dada akaniuliza nilikuwa wapi. Na mimi, kwa kinywa changu hiki, nikamjibu: "Lakini si ulikuwa tu hapa nyumbani?"

Hakunijibu. Alichukua nguo za mtoto zilizolowa akaenda nazo bafuni, akafungua mfereji, akauacha ukitiririka muda mrefu. Ilikuwa siku yetu ya maji, yeye ambaye hunigombeza kwa kikombe kimoja kilichomwagika. Nilisimama sebuleni na viatu vya mpira mkononi, nisijue nikae ama niondoke.

Sasa maoni yangu ni haya, na najua wengine hawatayapenda. Tunasema kwamba kazi kama ya dada humwezesha mtu kusawazisha kazi na familia. Hiyo ni nusu ya ukweli. Kazi inaweza kukatwa vipande, ndiyo, lakini vipande hivyo vyataka mtu wa kuvilinda, na mwandishi hawezi kuandika na kulinda mlango kwa wakati mmoja. Wengi tunaosoma gazeti hili tuna mama, dada, shangazi wanaofanya kazi nyumbani: wa cherehani, wa kusuka nywele, wa maandazi ya saa kumi alfajiri. Dada amewazidi kwa jambo moja tu, kwamba kazi yake haionekani. Cherehani husikika. Maandazi yana harufu. Anayeandika maelezo ya programu, kwa anayemtazama kutoka mlangoni, hana tofauti na anayetazama sinema. Kwa hiyo tunamtuma. "Dada, fundi wa stima amekuja." "Dada, nambari za stima zimeisha, nunua." "Dada, kwa kuwa uko hapa." Nilihesabu siku moja ya likizo, kuanzia saa tatu mpaka saa saba mlango wake ulibishwa mara kumi na moja. Mara nne zilikuwa zangu.

Ofisini Westlands nani angembisha mara kumi na moja aulize chumvi iko wapi?

Sitaki mdhani kwamba naipamba kazi hii. Ina ubaya wake. Hakuna anayempa dada likizo ya miezi mitatu sasa. Akizaa tena, siku asizoandika ndizo siku asizolipwa. Stima ikipotea alasiri hubeba tarakilishi yake akatafuta pa kuichomeka. Na tangu mashine za akili bandia zianze kuandika, baada ya ile ChatGPT kutolewa mwishoni mwa 2022, wako waliomwambia kwamba hawahitaji tena mtu. Mmoja alirudi baada ya miezi mitatu. Mashine ilikuwa imeandika hatua nane nzuri, zenye Kiingereza fasaha, na ya tano ilitaja kitufe ambacho hakipo katika programu hiyo wala hakijawahi kuwapo. Haikuwa na mtu wa kumkalisha pale kitini atafute kijani. Lakini dada haringi. Anasema mashine zinajifunza, naye anajifunza, tutaona. Kuunda programu hakuacha kabisa. Usiku mara moja moja namkuta anaunda kitu chake, nasikia vidole tu.

Kuhusu baba, alikuja Agosti. Dada hakubishana naye. Alimpa simu na ukurasa mmoja aliouandika kwa Kiswahili, jinsi ya kuangalia pensheni yake mwenyewe kwenye mtandao bila kumlipa kijana wa saiba. Baba akavaa miwani, akafuata kwa kidole, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, midomo ikitembea. Alipoiona pesa yake alinyamaza. Kisha akauliza kama anaweza kupewa nakala nyingine ya rafiki yake. Sikusikia akiomba msamaha, wazee wetu hawaombi hivyo, lakini neno "insha" hakulitamka tena.

Mimi nilikuwa nimeomba msamaha mapema. Dada alisema sawa, na kwamba kosa ni lake pia: alituachia sisi wa nyumbani mfumo mgumu pasipo kuuandikia maelezo. Nilidhani anatania. Jioni ile ile alibandika karatasi mlangoni mwake, ikiwa na hatua saba, kila moja na mstari wake. Hatua ya kwanza: "Ukitaka kubisha, kwanza tazama kama kuna moto, damu, au mgeni kutoka Machakos." Hatua ya pili inahusu chumvi, na inataja rafu na rangi ya mkebe. Mpwa wangu hajui kusoma, kwa hiyo upande wa chini kuna picha ya jicho lililofumba.

Nikaisoma yote, nikifuata kama alivyonifundisha, bila kuuliza. Hatua ya nne ilikuwa na kosa. Ilisema anko amchukue mtoto kwa yaya saa kumi kamili, siku za shule, na mimi saa kumi kamili niko gwaride. Nikatoa kalamu nyekundu mkobani, nikafuta, nikaandika saa kumi na nusu.